Shajara ya mradi: kito cha mkojo wa linksi

Mei, mwanzoni

Tumeingia herufi L. Kwa anayeanza kusoma hapa: tunaandaa kamusi ndogo ya majina ya vito, Kilatini kwa Kiswahili. Tunafuata zaidi kitabu cha 37 cha Naturalis Historia cha Plinius, mwandishi Mrumi wa karne ya kwanza; kitabu hicho ndicho cha mwisho na chote kinazungumzia vito, fuwele na kaharabu. Tupo watatu: mimi, padre mstaafu aliyefundisha Kilatini seminari, na sonara mmoja wa hapa Arusha. Kazi ya sonara ni kutuzuia tusiandike upuuzi kuhusu mawe, na anaifanya bila huruma.

Majina mengi hayasumbui. Smaragdus ni zumaridi, na ukisikiliza vizuri utaona ni neno moja lililozunguka kupitia Kiarabu hadi pwani yetu. Margarita ni lulu. Sucinum ni kaharabu. Mengine yana mtego: sapphirus ya Plinius ni jiwe la buluu lenye chembe za dhahabu, kwa hiyo ukiandika "yakuti samawi" umemdanganya msomaji. Lakini hata hapo jiwe lipo, unaweza kulishika. Sasa tumefika kwenye lyncurium, na Padre ameweka kalamu chini. Anasema hili tusilifanye jioni moja.

Mei, bado

Nimepitia mahali pote katika kitabu cha 37 ambapo Plinius analitaja. Ni pawili, na pote ni kama mtu aliyelazimishwa.

Mara ya kwanza yumo katikati ya habari za kaharabu, akikusanya kila alichosikia kuhusu asili yake. Anasema Demostratus anaiita kaharabu lyncurium, na kwamba hutokana na mkojo wa linksi, paka mwitu wa kaskazini: wa dume hutoa jiwe jekundu lenye rangi ya moto, wa jike hutoa lililofifia na kuwa jeupejeupe. Wengine wanasema jina ni langurium na wanyama wenyewe huitwa languri, wanaishi Italia. Zenothemis anawaita langae na kuwaweka kandokando ya mto Padus, yaani Po wa leo. Sudines anasema si mnyama kabisa, ni mti wa huko Liguria, kaskazini-magharibi mwa Italia, unaoitwa lynx, na Metrodorus alikuwa na maoni hayohayo. Waandishi wanne waliotajwa kwa jina, na katika aya moja jiwe limeshatoka kwa paka, kwa mnyama asiyejulikana, na kwa mti.

Mara ya pili ni mbele kidogo, baada ya kumaliza kaharabu. Anafungua kwa kusema kwamba ukaidi wa waandishi ndio unaomlazimu aliseme hili jambo. Kisha anasimulia: wanashikilia kuwa hata kama siyo kaharabu, lyncurium ni kito; hutokana na mkojo wa linksi ukichanganyika na udongo wa aina fulani; mnyama akishakojoa hufukia mara moja kwa kuwaonea wivu wanadamu wasije wakafaidi. Rangi yake ni ya kaharabu ile ya moto, huchongwa, na huvuta majani makavu pamoja na vipande vyembamba vya shaba na chuma. Halafu anamaliza. Tafsiri yetu kwa sasa: "Mimi naona hayo yote ni uongo, wala katika zama zetu hakijaonekana kito chochote chenye jina hilo." Anaongeza kuwa ni uongo pia kwamba ukilinywa linavunja mawe ya kibofu, au kwamba linaponya ugonjwa wa kugeuka manjano ukilinywa na divai, au hata ukilitazama tu.

Huyu ni Plinius, mtu ambaye katika vitabu hivyohivyo anapokea mambo mengi ya ajabu bila kupepesa. Akikataa jambo kwa ukali namna hii, lazima usimame.

Kuhusu wivu, sonara alicheka. Kila aliyefuga paka anajua kwamba paka hufukia haja yake. Mtu aliona jambo la kweli kabisa, akalitungia sababu.

Mei, katikati

Jina la mnyama limetuchukulia muda usiostahili. Linksi hana jina la Kiswahili kwa kuwa haishi kwetu. Padre alipendekeza simbamangu, kwa sababu ya yale masikio yenye vishungi, na wasomaji wangemwona mara moja. Nimekataa. Simbamangu ni mnyama mwingine, na tukimtumia hapa msomaji wa Manyara atadhani hadithi inamhusu yule anayemwona porini. Tumeandika "linksi", na ufafanuzi: paka mwitu wa kaskazini, mkia mfupi, masikio yenye vishungi.

Mei, mwishoni

Theophrastus. Hapa ndipo penye uzito, kwa maana yeye ndiye wa zamani zaidi kati ya tulionao, zaidi ya miaka 300 kabla ya Plinius. Alikuwa mwanafunzi wa Aristoteles, na kitabu chake kifupi kuhusu mawe kimetufikia. Anaandika Kigiriki, lyngourion, na anaandika kwa utulivu wa mtu anayeeleza bidhaa ya sokoni.

Anasema hivi, kwa ufupi: hukatwa mihuri, ni gumu sana, kama jiwe hasa, huvuta vitu kama kaharabu inavyovuta, na wengine wanadai haivuti mabua na vipande vya mti tu bali hata shaba na chuma vikiwa vyembamba, kama alivyosema Mgiriki mwingine, Diocles. Ni angavu mno na ni baridi. La mnyama wa mwituni ni bora kuliko la aliyefugwa, la dume bora kuliko la jike, kwa sababu chakula chao ni tofauti, na mazoezi, na ukavu au unyevu wa mwili. Wenye uzoefu hulipata kwa kuchimba, maana mnyama hulifukia. Na kulichonga ni kazi kubwa.

Nilimsomea sonara orodha hiyo bila kumwambia inahusu nini. Alinisimamisha kwenye "gumu" na "baridi". Akasema: basi kaharabu imetoka. Kaharabu ukiishika ni vuguvugu, na ni laini, kisu kinaikwaruza. Kwenye kipimo cha Mohs cha ugumu wa mawe, cha 1 hadi 10, ambacho yeye anakitumia kila siku, iko kati ya 2 na 2.5. Hakuna fundi atakayesema kuikata ni kazi kubwa.

Na kuna hili, ambalo wengi wanaoandika "lyncurium = kaharabu" wanaliruka: sentensi inayofuata ya Theophrastus inaitaja kaharabu kwa jina lake, kwamba nayo ni jiwe, huchimbwa Liguria, na nayo ina nguvu ya kuvuta. "Nayo." Kichwani mwake ni vitu viwili.

Juni

Liguria. Nadhani nusu ya jibu iko hapa, na sisi si wa kwanza kulidhani. Wasomi wengi wamelielekea. Strabo, aliyeandika siku za Augusto na Tiberio, anasema kwa Waliguri kuna lingourion kwa wingi, ambayo wengine huiita elektroni, yaani kaharabu. Tazama herufi: lingourion, kitu cha Liguria. Sasa mweke Mgiriki sokoni, mbali na Liguria, asikie jina hilo. Katika lugha yake lynx ni mnyama na ouron ni mkojo. Jina la mahali likageuka kuwa kauli kamili, na kauli ikahitaji hadithi.

Daktari Dioscorides, wa zama za Plinius, anasema wazi kuwa watu hudhani mkojo wa linksi hugeuka jiwe mara ukitoka, na kwamba ni porojo; kitu hicho kwa wengine ni ile kaharabu inayovuta manyoya. Ovidius naye aliliweka kwenye kitabu cha mwisho cha Metamorphoses: linksi waliotoka India kwa Bacchus, mungu wa divai, kila wanachokitoa kibofuni hugeuka mawe na kuganda kikiguswa na hewa. Ila yeye mshairi alijikinga kwa neno moja, "wanavyosimulia".

Kwa hiyo karne ya kwanza daktari anakataa, mkusanyaji mkuu wa elimu anakataa, mshairi anasema "wanavyosimulia". Ungetegemea hadithi iishie hapo.

Juni, siku ya majaribio

Hewa ya Arusha msimu huu ni baridi na kavu, nzuri kwa umeme wa kusugua. Tulikusanyika dukani kwa sonara baada ya saa za kazi. Alileta tasbihi ya kaharabu aliyorithi kwa babu yake. Shangazi yangu wa Bagamoyo alikuwa amenitumia kipande cha sandarusi. Na kutoka kwenye droo yake sonara alitoa kipande cha turmalini ya kijani, fuwele ndefu ambayo haijakatwa.

Kwanza tuliihakikisha tasbihi. Maji yaliyokolezwa chumvi hadi yakakataa kuyeyusha zaidi, tukaitumbukiza: ikaelea. Kaharabu ni nyepesi kiasi hicho, plastiki nyingi za kuigiza huzama. Jaribio la sindano ya moto alilikataa, akisema tasbihi ya babu haichomwi kwa ajili ya Warumi.

Tukaisugua kwa kitambaa cha sufu. Ilivuta vipande vya karatasi, manyoya, majani makavu ya chai. Kisha nikataka kumjaribu Diocles. Nilichana karatasi ya fedha ya pakiti ya sigara, nikaikata vipande vidogo. Viliruka. Vingine vikaganda, vingine vikagusa na kurushwa pembeni. Padre alirudia mara kadhaa akiwa amevua miwani. Kwa hiyo madai ya kuvuta shaba na chuma "vikiwa vyembamba", ambayo Plinius aliyatupa pamoja na mengine, si ya kutupwa. Kitu chenye chaji kinavuta madini mepesi, na Theophrastus aliweka sharti la wembamba mahali pake sahihi. Nimeongeza jambo hili kwenye maelezo, maana sijaliona likisemwa sana, na naona Plinius amemwonea Diocles.

Sandarusi nayo ilivuta, ingawa kwa uvivu zaidi. Kipande hiki kilinifurahisha kwa sababu nyingine. Karne ya 19 watu wa pwani walikuwa wakiichimba ardhini, mahali ambapo miti ya msandarusi ilikuwepo zamani na haipo tena, na kupitia Unguja ikaenda hadi Salem, Marekani, kutengenezewa vanishi. Utomvu wa mti unaochimbwa kama jiwe. Anayeichimba bila kuuona mti ana haki ya kujiuliza nani ameuzika. Plinius kuhusu kaharabu hakujiuliza: alijua ni utomvu, akataja wadudu na mijusi walionaswa ndani kuwa ushahidi.

Padre aliuliza kama sandarusi na ambari ni kitu kimoja. Hapana, na tutaweka onyo. Ambari hutoka tumboni mwa nyangumi na kuokotwa ufukweni. Hiyo ndiyo kweli inayotoka kwa mnyama, na hakuna aliyeifanya kito.

Mwisho turmalini. Hii sonara aliipasha polepole juu ya kibati kwenye jiko la mkaa, akaitoa kwa koleo, akaisogeza kwenye jivu laini. Jivu lilipanda na kushika kwenye ncha. Haikusuguliwa. Turmalini ikipata joto au ikipoa, ncha zake mbili hupata chaji zinazopingana. Waholanzi walioleta mawe haya Ulaya kutoka Sri Lanka mwanzoni mwa karne ya 18 walilijua kwa kazi hiyohiyo: walivutia nalo jivu kwenye viko vyao.

Juni, mwishoni

Biblia. Padre alikuwa akilisubiri hili tangu mwanzo.

Kutoka 28 inataja vito 12 vya kifuko cha kifuani cha Haruni. Safu ya tatu inaanza na jiwe ambalo Kiebrania kinaliita leshem, na hakuna mwenye hakika ni jiwe gani. Waliotafsiri kwa Kigiriki waliandika ligurion. Hieronymus katika Vulgata, Biblia ya Kilatini, akaandika ligurius. Hivyo kito cha linksi, kilichokanwa na Plinius, kikaingia kifuani kwa kuhani mkuu, na baada ya hapo nani angethubutu kusema hakipo?

Epiphanius, askofu wa Salamis huko Saiprasi katika karne ya 4, aliandika kitabu kizima kuhusu vito hivyo 12. Akifika hapa anakiri kuwa hajalikuta jiwe hilo kwa waandishi wa mambo ya asili. Kisha anafanya hesabu ya kupunguza: hiakintho ni kito cha heshima, na katika orodha hakimo, basi huenda Maandiko yanaiita hiakintho kwa jina la ligurion. Ni kubahatisha, naye hakujificha.

Sasa fungua Biblia ya Kiswahili, Union Version, Kutoka 28:19: "na safu ya tatu itakuwa hiakintho, na akiki nyekundu, na amethisto". Padre aliusoma kwa sauti, akafunga kitabu, akasema, "Mwanangu, tumelisoma neno hili kanisani miaka yote." Toleo la Kiingereza la King James la 1611 lilikuwa limebakiza lile la Kilatini, ligure; toleo lililorekebishwa la 1885 likahamia kwenye jacinth, na la Kiswahili linakwenda njia hiyohiyo. Lyncurium halimo katika Biblia yetu kwa jina. Limo kwa ukoo.

Tutaweka kielekezi: hiakintho, tazama ligurius.

Julai

Zama za kati nimezipitia haraka, kwa sababu ni kunakiliana. Isidore wa Sevilla, aliyefariki 636, ana lyncurius mara mbili, kwenye mawe na kwenye wanyama, na ule wivu wa kufukia umebaki vilevile. Marbode wa Rennes alilitia katika mashairi yake ya vito. Hildegard wa Bingen ana ligurius yake yenye tiba zake. Hakuna kati yao anayetupa dalili ya kulishika mkononi.

Karne ya 18 inavutia zaidi kwa kuwa sasa wanabishana wakiwa na mawe mezani. Mwaka 1746 John Hill alitoa Theophrastus kwa Kiingereza na kushikilia kuwa lyncurium ni hiakintho, jiwe ambalo leo sonara analiita zirkoni. Mwaka 1759 William Watson akaiandikia Royal Society, jumuiya ya wanasayansi ya London, kwamba ni turmalini, kwa sababu ya ule mvuto. Nilimwuliza sonara nani kashinda. Alisema turmalini imefaulu kwa ugumu, baridi, uangavu na kuvuta. Halafu akauliza swali ambalo limetukwamisha: Theophrastus anataja moto popote hapo? Hataji. Mtu aliyeona jiwe likivuta jivu kwa joto tu asingelisahau. Na turmalini, kwa kusugua peke yake, si hodari kuliko vito vingine.

Julai, uamuzi

Tumebishana hadi usiku. Padre alitaka "kaharabu (hadithi)", kwa faida ya msomaji anayetaka neno moja. Mimi nimeng'ang'ania lisipewe kisawe chochote. Theophrastus alikuwa na jiwe fulani, nakubali, pengine zaidi ya moja chini ya jina hilo. Lakini kuanzia Plinius kinachosafiri ni maelezo, na maelezo hayo yalivutwa kutoka kaharabu, kutoka jina la mahali, kutoka tabia ya paka. Kamusi ikiandika kisawe itakuwa imechimbua jiwe ambalo hakuna aliyelizika. Sonara ndiye aliyekata shauri: yeye dukani haandiki jina kwenye kijikaratasi cha jiwe ambalo hajaliona.

Ingizo lililokubaliwa:

"lyncurium (pia lyncurius, ligurius, langurium): jina la kito kilichosemwa kuwa ni mkojo wa linksi ulioganda. Theophrastus anakieleza kuwa kigumu, baridi, angavu na chenye kuvuta vitu vyepesi. Plinius anakana kuwa kipo. Kimefikiriwa kuwa kaharabu, hiakintho (zirkoni) au turmalini. Hakina kisawe, tumia linkurio. Taz. sucinum, hiakintho."

Julai, nyongeza

Nilipokuwa nikisafisha faili niligundua kwamba lychnis, iliyo juu yake tu katika orodha, bado haijafungwa. Tulikuwa tumeiacha na "jiwe jekundu, la jamii ya mawe ya moto, jina kutokana na taa". Nikarudi kwa Plinius. Anasema hupatikana karibu na Orthosia na Caria yote, lililo bora kabisa ni la India. Kisha: mawe haya yakipashwa na jua, au yakisuguliwa kwa vidole, huvuta mabua na nyuzi za karatasi.

Yakipashwa na jua. Nimempigia Padre simu, naye alikuwa ameshalala. Sonara hakuwa amelala. Anasema turmalini nyekundu anayo, ndogo lakini safi, na kesho mchana ataianika kwenye bati la paa kabla hatujaigusa kwa kitambaa wala mkaa. Nimeshakata nyuzi za karatasi.